Seva ya akiba ilichukua zamu, mbona ruta zote zikageuka nyekundu?

SWALI: "Mimi ni afisa TEHAMA wa taasisi moja hapa Dodoma. Tunafuatilia ruta na swichi za ofisi yetu na za vituo vya Kongwa, Mpwapwa, Bahi, Chemba na Kondoa kwa Zabbix, programu ya kufuatilia mitandao. Tuna seva mbili, A na B, ziko majengo mawili ndani ya uzio mmoja, na zinatumia anwani moja ya IP ya pamoja kupitia keepalived, programu inayoihamisha anwani hiyo seva moja ikifa. Kanzidata ya MariaDB iko A, nakala yake inajiandika B. Jumamosi usiku umeme ulikatika, UPS ya jengo la A ikaisha chaji. Anwani ilihamia B, niliiona kwa macho yangu. Lakini dakika chache baadaye B ikatutumia SMS zaidi ya mia mbili kwamba ruta zote za wilayani zimekufa, wakati mwenzetu aliyekuwa zamu Kongwa anaendelea na kazi kwenye mfumo bila shida. Umeme uliporudi A ikawaka yenyewe, na tangu hapo kila taarifa inakuja mara mbili. Grafu za usiku ule zina pengo. La ajabu ni kwamba zamani nilipojaribu kuzima huduma ya Zabbix kwenye A, hakuna kilichohama. Mkuu wangu wa kitengo anataka tuweke seva ya tatu kwenye bajeti. Fundi aliyetufungia mfumo anasema tupunguze muda wa kusubiri. Nani yuko sahihi? Na je, seva B ni mbovu?"

JIBU:

Ndugu yangu, seva B si mbovu. Kwa jinsi ulivyoeleza, B ilifanya karibu kila ilichoagizwa. Shida iko kwenye yale ambayo hakuna aliyeiagiza. Usiku ule kilichohama ni anwani. Data haikuhama kwa utaratibu, A iliporudi hakuna aliyeiambia B iachie kazi, na ruhusa ya kuzungumza na ruta za wilayani B haijawahi kupewa tangu siku mfumo ulipofungwa. Mkuu wako na fundi wako, kila mmoja kwa nia njema, wanatibu kiungo kisichouma.

Tuanze na lile uliloliita la ajabu, maana ndilo linaloeleza mengine. Keepalived inatumia itifaki ya VRRP, na VRRP ilitungwa kwa ajili ya ruta: lango la mtandao likifa, ruta nyingine ishike anwani yake, watu waendelee kupita. Swali lake ni moja tu, mwenzangu yupo au hayupo? Seva yenye zamu hutangaza "nipo" kila sekunde 1 kwenda anwani ya kundi 224.0.0.18. Nyingine inasikiliza. Isiposikia kitu kwa muda wa matangazo matatu na chembe juu yake, yaani kama sekunde 3.6 kwa seva yenye kipaumbele (namba ya kuamua nani ashike zamu) cha 100, inajitwalia anwani ya pamoja na kuutangazia mtandao kwamba kuanzia sasa anwani hii ni yangu. Imeishia hapo. Haijui Zabbix ni nini, haijui MariaDB ni nini, na SMS zako haizijui kabisa.

Ndiyo maana ulipozima huduma ya Zabbix kwenye A hakuna kilichotikisika. A iliendelea kutangaza "nipo", na kweli ilikuwepo. Ni kama mlinzi anayepuliza filimbi kila saa usiku. Wewe ukiwa kitandani unaridhika, kumbe geti liko wazi tangu jioni.

Dawa yake ni kuipa keepalived skripti ya kukagua kazi yenyewe, kisha kuifungamanisha na kipaumbele cha seva. Usiishie kuuliza kama programu ya Zabbix ipo kwenye orodha ya zinazoendeshwa, kwa kuwa programu inaweza kuwepo huku imeganda. Uliza kama mlango wa 10051, ambao seva ya Zabbix husikiliza, unaitika na kama kanzidata inajibu swali dogo. Hapo kuna mtego ambao nimeukuta mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Mtu anaweka kipaumbele cha A kuwa 150 na B kuwa 100, halafu anaandika kwamba ukaguzi ukishindwa A ipunguziwe 20. Sasa A iliyougua ina 130, bado iko juu ya B mzima mwenye 100, na zamu haihami. Punguzo lazima liivushe A chini ya B. Fungua faili lenu la mipangilio leo ulitazame hilo. Kama skripti ipo tayari, kuna uwezekano mkubwa kosa ni hili.

Twende kwenye SMS mia mbili. Hapa ndipo watu wengi hukosea utambuzi, hata wenye miaka mingi kazini.

Anwani ya pamoja ni ya kupokelea. Anayetaka kuwafikia, kivinjari chako au kifaa kinachotuma taarifa yake ya dharura, anabisha hodi kwenye anwani hiyo na anamkuta mwenye zamu. Lakini SNMP, lugha ya kuviuliza vifaa vya mtandao hali zao, kwa sehemu kubwa ni seva kutoka nje kwenda kuuliza: inaigongea ruta ya Kongwa kwenye mlango wa UDP 161 na kusema, nipe hali yako. Linux inapotuma pakiti hiyo, kwa kawaida haiandiki anwani ya pamoja kama mtumaji. Inaandika anwani ya B mwenyewe. Na ruta ya Kongwa, kama ilisanidiwa na mtu makini, ina orodha ya wanaoruhusiwa kuiuliza maswali ya SNMP. Nina hakika kiasi cha kutosha kwamba orodha hiyo ina anwani ya A peke yake. Barua imekuja kwa kichwa kilekile cha ofisi, lakini saini si ile ambayo benki inaijua.

Ruta isiyokutambua kwa SNMP haikujibu kwamba imekukataa. Inanyamaza. Zabbix haina namna ya kutofautisha ukimya wa kukataliwa na ukimya wa kufa. Violezo vya SNMP vinavyokuja na Zabbix kwa kawaida husubiri dakika 5 bila data ndipo vipige kelele, na wewe umesema "dakika chache baadaye". Inalingana.

Hili unaweza kulithibitisha bila kuzima chochote. Ingia B sasa hivi na uendeshe amri ya snmpget, inayouliza swali moja la SNMP, kwenda ruta ya Kongwa, kisha fanya vilevile ukiwa A. A ikijibiwa na B ikinyamaziwa, umempata mchawi. Zote zikinyamaziwa, shida iko njiani na si kwenye orodha ya ruta. Tazama pia historia ya usiku ule ndani ya B: kama ping kwenda Kongwa ilibaki kijani wakati SNMP imegeuka nyekundu, huo ni ushahidi wa pili. Marekebisho ni kuongeza anwani ya B, na ile ya pamoja, kwenye orodha ya kila ruta na swichi, kwenye mstari wa Server wa kila ajenti wa Zabbix (programu ndogo inayokaa ndani ya mashine inayofuatiliwa), na kwenye kila ukuta moto ulio katikati. Ipo njia ya mkato, kigezo cha SourceIP, cha kuilazimisha Zabbix itoke nje kwa anwani ya pamoja. Inafanya kazi, lakini mimi siipendi: Zabbix inakuwa tegemezi kwa anwani ambayo huenda bado haijafika kwenye seva husika. Afadhali jasho la kuhariri ruta moja moja.

Kama ruta za wilayani ni mali ya mtoa huduma wenu wa mawasiliano na hamna ruhusa ya kuzigusa, basi msihangaike na kupiga simu. Andikeni barua yenye anwani zote tatu na jina la kila kituo, na mtunze nakala yake. Simu husahaulika, na anayebadilisha ruta miezi sita baadaye hurudisha orodha ya zamani kutoka kwenye faili lake.

Taarifa mara mbili ni jambo jingine, na ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote.

Umeme uliporudi, A iliwaka pamoja na swichi ya jengo lake. Swichi nyingi za ofisi, zisiporekebishwa, hazipitishi data mara tu mlango unapopata uhai. Zinasubiri kwanza kuhakikisha hakuna mzunguko kwenye mtandao: sekunde 15 za kusikiliza na 15 za kujifunza, jumla 30 kwa utaratibu wa zamani. A nayo inasubiri chini ya sekunde 4. Ikiwa keepalived imeamka wakati mlango bado umefungwa, A haimsikii mtu, inahitimisha kwamba iko peke yake duniani, inajitawaza. B kule jengo la pili haijasikia lolote la A, inaendelea na utawala wake. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, na hapa Ugogoni hakuna haja ya kumweleza mtu kinachotokea wakikaa.

Mlango ulipofunguka, A na B zilisikiana, na A yenye kipaumbele kikubwa ikabaki na anwani. Ungetarajia ugomvi uishe. Haukuisha, kwa sababu anwani ilirudi lakini Zabbix ya B haikuambiwa inyamaze. Naamini fundi wenu aliandika skripti ya kuiwasha Zabbix kwenye B inapopata zamu, akasahau ya kuizima inapoipoteza. A nayo imewekwa kuwasha Zabbix kila inapowaka. Tangu Jumamosi mna mifumo miwili kamili, kila mmoja na kanzidata yake, kila mmoja unaamini ndio pekee. Angalia hali ya huduma ya Zabbix kwenye seva zote mbili. Kama zote ziko hai, izime ya B mara moja. Kuizima hakuharibu kitu. Usifute chochote tu.

Kuna uwezekano mmoja ambao sharti uutenge. Tazama anwani za seva zote mbili sasa hivi. Ikiwa anwani ya pamoja inaonekana kwenye A na kwenye B kwa wakati mmoja, leo hii, siku kadhaa baada ya tukio, basi haikuwa swichi kuchelewa. Matangazo ya "nipo" hayapiti kabisa. VRRP si TCP wala si UDP, ni itifaki yenye namba 112, na ukuta moto wa Linux huizuia usipoiruhusu kwa jina lake. Kinachotokea mara kwa mara ni kwamba mtu aliiruhusu siku ya kufunga mfumo bila kuiandika kama kanuni ya kudumu. Kila kitu kilifanya kazi mpaka seva ilipozimika kwa mara ya kwanza. Ilipowaka, kanuni haikuwepo. Seva isiyozimwa miaka miwili inaficha makosa ya namna hiyo kama jivu linavyoficha kaa.

Sasa kanzidata. Kwa hali hiyo, B ilikuwa nakala iliyogeuka kuwa mwandishi. A iliporudi na kuendelea kuandika, namba za matukio zikagongana: tukio fulani lina maana moja kwenye A na maana nyingine kwenye B. Endesha SHOW SLAVE STATUS kwenye B. Nakisia utakuta kunakili kumesimama kwa kosa namba 1062, yaani rekodi imejirudia. Utakutana na ushauri mwingi wa kuruka kosa hilo kwa amri moja, halafu linalofuata, halafu linalofuata. Usifanye hivyo. Kuruka makosa hakuunganishi kanzidata, kunaficha tu kwamba zimeachana. Chukua nakala kamili ya kila upande kwanza, ya A na ya B, uziweke kwenye diski ya tatu iliyo nje ya seva zote mbili. Kisha ichague A iwe ya kweli, na B ijengwe upya kutoka A.

Pengo la grafu? Nitasema ukweli. Data za ruta za usiku ule hazipo popote, kwa sababu B iliuliza na haikujibiwa. Za seva zenu za ndani, kama ajenti zao zilimkubali B, zimo kwenye kanzidata ya B na unaweza kuzisoma humo, lakini kuzihamishia A ni kazi ya siku nyingi kwa faida ndogo. Weka ile nakala kama kumbukumbu, uandike kwenye ripoti kwamba saa kadhaa hazina vipimo, uendelee na maisha.

Kabla ya kupanga mfululizo wa matukio, linganisha saa za seva. Nimeshawahi kukaa nusu siku na logi mbili zisizokubaliana. Daftari la mlinzi lilisema umeme umekatika saa 4:14 usiku. Seva ya kwanza ilisema 22:14. Ya pili ilisema 19:14. Nikaanza kutunga nadharia ya kwamba ya pili ilianguka saa tatu kabla ya umeme kukatika. Kumbe ilikuwa imeachwa kwenye saa ya dunia, UTC, ambayo iko saa 3 nyuma yetu, na daftari la mlinzi linahesabu saa za usiku kuanzia machweo kama sote tunavyohesabu. Dakika ilikuwa ileile. Ziweke zote Africa/Dar_es_Salaam na programu ya chrony izilinganishe.

Fundi wenu anasema mpunguze muda wa kusubiri. Hapana. Zamu yenu haikuchelewa kuhama hata kidogo. Anwani ilifika B ndani ya sekunde chache. Ukipunguza zaidi, kila swichi itakapopumua B itadhani A imekufa, na zamu itakuwa inarukaruka kama panzi. Ufuatiliaji wa mtandao si huduma ya malipo ambayo mteja amesimama dirishani akisubiri. Ukikaa dakika moja bila kupima ruta ya Mpwapwa, hakuna aliyeumia. Ukikaa usiku mzima na seva mbili zinazodanganyana, umeumia.

Mkuu wako ana nusu ya ukweli, na mheshimu kwa hilo. Seva mbili haziwezi kuamua ugomvi wao. Zikitenganishwa, kila moja ni kura moja kati ya mbili, na nusu si wingi. Bunge lenyewe hapa mjini haliamui jambo bila akidi. Mifumo ya seva nayo ina akidi yake. Kura ya tatu inavunja ubishi. Lakini kura ya tatu si lazima iwe seva ya tatu yenye bei ya seva. Inaweza kuwa mashine ndogo isiyohifadhi chochote, kazi yake kutoa ushahidi wa nani anaonekana, mradi iwe na umeme usiotegemea jengo A wala jengo B. Ukiiweka chumba kimoja na A, umenunua kura ya pili ya A.

Mna njia mbili za kweli za kurekebisha muundo. Ya kwanza ni kuacha Zabbix iamue yenyewe. Tangu toleo la 6.0, lililotoka 2022, ina utaratibu wake wa kupokezana zamu. Kila seva inapewa jina kwenye kigezo cha HANodeName, na zote zinaandika kwenye kanzidata moja kila sekunde 5 kwamba ziko hai. Mwenye zamu akipotea kwa dakika 1, ambacho ndicho kipimo cha kawaida na kinabadilishwa, aliye akiba anachukua. Uzuri wake ni kwamba kanzidata ndiyo shahidi. Asiyeifikia hawezi kushika zamu, kwa hiyo mafahali wawili hawatokei. Kasoro yake kwenu ni kubwa: kanzidata yenu iko A. A ikizimika, shahidi kafa pamoja na mshtakiwa, na B haitachukua zamu hata kwa dawa. Njia hii itawafaa mkiihamishia kanzidata mahali pengine, na kama mnataka nayo isife, mtahitaji kundi la Galera: kanzidata mbili na mwamuzi mdogo asiyehifadhi data.

Mkienda njia hiyo, nawaonya mambo mawili madogo yanayokula siku nzima. Kwenye ajenti, mstari wa ServerActive utenganishe seva mbili za kundi moja kwa nuktamkato, si kwa mkato. Ukiweka mkato, ajenti anadhani ni mifumo miwili tofauti na anaitumia yote data. Na kwenye faili la mipangilio la tovuti ya Zabbix, zima mistari inayotaja anwani na mlango wa seva, ili tovuti imtafute mwenye zamu yenyewe. Ukiisahau, utaona maandishi kwamba seva haifanyi kazi wakati inafanya.

Njia ya pili ni ya kizamani, na kwa ofisi yenye mafundi wawili kama nadhani ninyi mlivyo, ndiyo ninayoipendekeza. Anwani na Zabbix zihame zenyewe mchana na usiku kwa hitilafu ndogo ambazo kanzidata bado iko hai, Zabbix ya B ikiandika kwenye kanzidata ya A. Lakini kuipandisha kanzidata ya B kuwa kuu kufanywe na mtu, kwa mkono, baada ya kuhakikisha kwa macho kwamba A imezimika kweli. Saa moja bila grafu, saa 8 usiku, ni nafuu kuliko wiki mbili za kanzidata mbili. Ongeza mpangilio wa nopreempt kwenye keepalived, seva zote mbili zikianza kama akiba, ili A ikirudi kutoka kuzimu isinyang'anye zamu kabla hujaikagua.

Kuhusu pengo la data, proksi ya Zabbix itawasaidia kuliko seva ya tatu. Kompyuta ndogo iliyokaa Kondoa inaziuliza ruta za hapohapo, inahifadhi majibu wakati seva kuu haipatikani, kisha inayaleta. Kwa kawaida huhifadhi saa 1 tu. Kigezo cha ProxyOfflineBuffer kikipandishwa hadi 24, usiku mzima bila umeme Dodoma mjini hauachi pengo la Kondoa. Tena ruta zinamwona proksi mmoja tu, na lile suala la orodha ya wanaoruhusiwa linapungua nguvu.

Halafu mjaribu. Kuzima huduma kwa amri ni jaribio la kwanza tu, tena la upole. Chomoa waya wa mtandao wa A. Siku nyingine, kata umeme wa A bila kuiaga, kwa idhini ya maandishi na nakala ya kanzidata ikiwa salama. Kisha tenganisha njia kati ya majengo mawili, zote zikiwa hai. Hilo ndilo jaribio watu huliogopa na ndilo lingewaonyesha la Jumamosi. Fanyeni asubuhi, mtu mmoja kila jengo, simu mkononi, na fanyeni kabla radi za msimu wa mvua hazijaanza Desemba. Wakati wa jaribio hakikisha SMS inafika kwenye simu halisi. Mimi mwenyewe nilifunga mfumo wa seva mbili huko nyuma, nikaujaribu, zamu ikahama vizuri, tukapeana mikono. Miezi mingi baadaye seva kuu ilikufa usiku na hakuna aliyepata ujumbe hata mmoja. Modemu ya SMS ilikuwa imechomekwa kwenye USB ya seva kuu. Nilikuwa nimeangalia kila kitu isipokuwa waya niliochomeka mwenyewe.

Mambo ambayo usiyafanye peke yako kwa kusoma maandishi haya ni machache. Kama matukio ya usiku ule yanahitajika kwa ukaguzi au yamegusa mkataba wa huduma, mwite mtu wa kanzidata akae na wewe kabla ya kujenga B upya. Kama swichi inayounganisha majengo si yenu, au imesanidiwa na mtu aliyeondoka bila kuacha nyaraka, usibadili mipangilio yake ya kuzuia mzunguko ukiwa peke yako. Unaweza kuuangusha mtandao wa jengo zima. Na kama A inazimika hata umeme ukiwepo, hiyo si kazi yangu wala yako, ita fundi umeme apime waya wa ardhi (earth) na mzigo wa chumba.

Mkuu wako akikuuliza umebadilisha nini kwenye maombi yake ya bajeti, mpelekee hivi: betri mpya za UPS ya jengo A, kwa kuwa betri za risasi huchoka ndani ya miaka michache na joto la chumba huziwahisha; waya wa UPS kwenda seva, ili chaji ikikaribia kuisha A ijizime kwa adabu na kumwachia B zamu kwa kuaga badala ya kufa ghafla; kompyuta ndogo mbili au tatu za proksi kuanzia kituo cha mbali zaidi; na mashine moja ya bei nafuu, ofisini kwako au popote penye umeme tofauti, inayoziangalia A na B na kupiga SMS kwa laini yake yenyewe. Ile seva ya tatu iache kwanza.